Maharage ya Wavulana

Watu wa Kasulu wakitaka kumsifu Mwalimu wa Michezo huanza na miguu yake. Wanasema mtazame mzee yule anavyopandisha kilima cha sokoni, utadhani kijana. Ni kweli, miguu anayo. Hata mimi nilikuwa nayo. Sasa kwa kuwa wanaomsifu ni wengi, na karibu wote nawajua walikula kwenye sufuria gani, acha na mimi niseme ninayoyajua. Nimeishia la saba, na mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto.

Jina lake siliandiki. Si kwa heshima. Tangu nimfahamu hakuna anayelitumia, hata mkewe ukimuuliza atakwambia, "Mwalimu wa Michezo ameenda shambani." Waliomsaidia ndio nitawataja, maana wao walipenda kukaa nyuma ya filimbi yake. Alikuwepo Matroni Sesilia, aliyeshika upawa. Alikuwepo Mwalimu Mkuu Bitaliho, aliyekuja jikoni kuonja, na kuonja kwake kulimaliza sahani. Hao wawili wamekwishazikwa na kuliliwa. Mimi sikwenda kulia.

Alikuwa mtu safi. Hilo nampa. Raba zake za turubai alizipaka chaki iliyolowekwa mpaka zikawa nyeupe kuliko shuka za wagonjwa, na kaptula yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku ya mvua. Serikali ilimleta huku kutoka mkoa mwingine, akakaa, akaoa, akalima, akazeeka, lakini Kiha hakutaka kukijua zaidi ya "mwakeye", salamu ya asubuhi, ambayo yeye aliisema hata jioni jua likizama. Watu waliitikia tu. Mwalimu akikosea huku kwetu, anayesahihishwa ni wewe.

Na niseme mapema, maana najua watu wanavyosikia. Ukisema mwalimu fulani aliwadhuru wasichana, mtu anafikiri jambo moja. Hapana. Kwa jambo hilo mikono yake ilikuwa misafi kama raba zake. Hakumgusa msichana, hakumtazama vibaya, hakumwita mtoto wa mtu nyumbani kwake. Ndiyo maana imekuwa kazi ngumu kumlaumu. Angekuwa mhuni ningeeleweka siku nyingi.

Shule yetu ilikuwa upande wa Titye. Kila ilipokaribia michezo ya shule tuliingia kambini, wavulana bweni hili, wasichana darasa lile, na asubuhi kabla ya umande kukauka tulikuwa tayari kwenye mchakamchaka. Kabla hatujaondoka alipuliza filimbi na kusema kwa sauti ileile ya kuhesabu namba, "Walio mwezini, pembeni."

Hivyo tu, mbele ya wavulana. Msichana aliyekuwa kwenye siku zake atoke mstarini, akasimame karibu na mchikichi mchanga, akae hapo mpaka wenzake warudi. Alisema siku hizo mwili wa mwanamke unabomoka, ukimfanyisha mazoezi unaharibu ulichojenga. Kwa hiyo tukajifunza kudanganya. Tulikimbia na vitambaa vimeloa, mapaja yakichubuka, tukiogopa kusimama pale kuliko tulivyoogopa maumivu. Wavulana walikuwa wakipita pale pembeni wanauliza, "Vipi, leo gari halina mafuta?" Na yeye alisikia. Akatabasamu kidogo, akapuliza filimbi.

Sasa nieleze elimu yake, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu naye.

Sijui alisoma wapi, ila siku moja alirudi na neno "homoni" na tangu hapo hakuliweka chini. Alichora ubaoni mwili wa mvulana na mwili wa msichana. Kwa mvulana, mishale ya chaki ilitoka tumboni ikaenda kwenye mapaja na mabega. Kwa msichana ilitoka tumboni ikaenda kifuani na nyongani. Akasema, mvulana akikimbia au akibeba kitu kizito, msuli wake unachanika kidogo kidogo ndani. Akila maharage, dagaa, mayai, protini inakwenda kuushona msuli, na kesho unakuwa mnene kuliko jana. Msichana naye unachanika vilevile. "Lakini homoni yake," alisema, akigonga ubao, "inaikamata protini njiani. Inaipeleka kwenye uzazi. Msuli haupati kitu. Kwa hiyo ukimlisha msichana maharage unamnenepesha bure. Mwanamke ni moyo na mapafu. Msuli ni wa mwanaume."

Tuliandika. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri.

Jioni, elimu hiyo ilifika jikoni. Masufuria yalikuwa mawili. La wavulana lilikuwa na maharage yaliyokolea mawese, mekundu, harufu yake ilikuwa inakufuata mpaka kwenye ndoto, na michezo ikikaribia kila mmoja alipata yai. La wasichana lilikuwa na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, bila karanga, bila chochote, na ugali wa muhogo wa kukandika ukuta. Asubuhi uji mwepesi. Tulikimbia njia ileile na wavulana, vilima vilevile, tena sisi wa mbio ndefu tulizidisha, kisha tukaja kusimama mbele ya sufuria letu.

Nilimuuliza Matroni Sesilia siku moja. Nilimwambia kwa adabu, "Matroni, naomba hata supu yake tu. Ile ya juu."

"Ya nani?"

"Ya maharage."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe mtoto unataka kuwa pipa? Hukusikia homoni?"

"Nimesikia, Matroni. Ila nina njaa."

"Njaa ndiyo mazoezi yenyewe. Pita, wenzako wanasubiri."

Wakacheka waliokuwa nyuma yangu, na wao walikuwa na njaa. Upande wa pili wa jiko mvulana mmoja aitwaye Festo, mwenye shingo ya ndama, alikuwa anarudi kuongezewa. Mkumbuke huyo Festo.

Wapo watakaosema nina chuki, basi niseme na mazuri yake. Msichana mmoja wa Muyama alishikwa na malaria kali kambini. Mwalimu wa Michezo alimkalisha kwenye baiskeli yake, akamfunga kwa kanga asianguke, akaisukuma baiskeli vilima vyote mpaka hospitali, akakaa naye mpaka alipofungua macho. Yule dada yuko hai, ana wajukuu, na kila Jumapili anamuombea. Nikikutana naye ananiambia, "Yule mzee ni baba yangu." Namjibu, "Ulikuwa unakimbia mita mia nane vizuri, ndiyo maana." Ananuna. Lakini hata mimi najua sisemi kweli yote. Nilimwona aliporudi siku ile. Raba zilikuwa nyekundu kwa tope na hakuzisafisha. Alikuwa mtu anayeweza kusukuma baiskeli kutwa kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, na jioni akasimama jikoni kuhakikisha mtoto huyohuyo hapati maharage. Mimi nimeshindwa kuviunganisha hivyo viwili. Anayeweza aniambie.

Alilia pia. Tukishindwa alikwenda nyuma ya lori, akageuka, mabega yakawa yanatikisika. Tukishinda hakutusifu, aliangalia saa yake na kusema, "Mngeweza zaidi."

Mimi nilikuwa wake kweli kweli. Nilikuwa mwembamba, nilikuwa na pumzi, nilikuwa nataka aitazame saa yake na asiseme kitu. Kwa hiyo niliacha hata ule ugali. Nikala nusu, nikampa mwenzangu nusu. Nikakimbia asubuhi na jioni. Mwezi ukapita sikuona siku zangu, ukafuata mwingine, ikawa basi. Matroni akagundua, akampelekea habari. Nilitegemea atanipeleka hospitali. Alinisimamisha mbele ya wasichana wote akasema, "Mtazameni huyu. Mwili wake umeacha upuuzi. Sasa ni mashine." Wakanipigia makofi. Nami nilijisikia kama nimevishwa nishani. Lakini nilipokwenda likizo mama alihesabu, akaona sifui vitambaa, akadhani nina mimba. Alinipiga na mwiko wa kusongea mpaka ukakatika, kisha akanipeleka kwa bibi mmoja anipapase tumbo. Bibi akasema hakuna kitu humu. Mama akaniuliza, "Basi damu inakwenda wapi?" Mwalimu hakuwa amechora mshale wa hilo.

Michezo ya mwaka ule ilikuwa Kibondo. Mfupa wa mguu ulikuwa unaniuma wiki nyingi, chini ya goti, mahali pamoja, kama mtu anabonyeza kwa kidole. Nilimwambia. Alibonyeza, akasema, "Hiyo ni misuli mivivu." Uwanja ulikuwa mkavu, watu wengi, na mimi nilikuwa wa pili nikiwa na pumzi bado, namwona wa kwanza mgongo wake unavyoyumba. Nikasema sasa. Nikaongeza hatua. Nikasikia ndani ya mguu kitu kama kijiti kikavu kikikatika. Hakuna aliyenikanyaga, hapakuwa na shimo. Mfupa ulivunjika kwa kukimbia tu.

Alikuja akasimama juu yangu. Watu walifikiri atainama. Alisema, "Umeniangusha," akaenda kupanga wa kupokezana vijiti.

Mguu uliungwa vibaya. Mtihani wa la saba niliufanya nimeunyoosha kwenye benchi, nikafeli. Yeye alipata cheti cha mwalimu bora wa michezo wilayani, na Mwalimu Mkuu Bitaliho alikitundika ofisini. Mimi nikaingia kulima maharage. Wanaume wawili walinikataa kwa ajili ya mguu, wa tatu hakujali, Mungu amrehemu. Nilichelewa sana kupata mtoto, watu wakasema mengi, kisha nikampata mmoja, Odilia.

Sasa njoo huku karibuni. Mwaka juzi niliteleza nikitoka kuteka maji. Kuteleza kwa kawaida tu, nikajishika kwa mkono, na mkono ukavunjika. Kwenye zahanati kulikuwa na tabibu mgeni, mwanamke kijana kutoka Tanga, mwenye ushungi na maneno laini ya pwani. Alinifunga mkono, halafu akaniuliza jambo ambalo katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mama, ulipokuwa msichana, hedhi iliwahi kukukatika?"

Nikamweleza. Nilianza kwa kucheka, namwigiza Mwalimu na ubao wake. Yeye hakucheka.

"Nusu ya kwanza ni kweli," alisema. "Msuli unachanika, chakula kinaujenga. Nusu ya pili kaitunga."

"Homoni haikamati?"

"Haikamati, mama. Mwanamke akifanya mazoezi akala protini, msuli wake unajijenga, kama wa mwanaume tu. Mwanaume anakuwa na mwili mkubwa zaidi, hilo sawa, lakini ile kazi ya kushona haina ubaguzi. Na kwenye siku zake pia inaendelea. Homoni ya kike haina ugomvi na msuli. Na mfupa, homoni hiyo ndiyo inayoulinda. Wewe ulikimbia sana ukala kidogo, mwili ukaona hauna cha kutosha, ukazima hedhi. Homoni ikashuka. Mifupa ikaachwa bila mlinzi, tena katika umri ule ilipokuwa inajijenga."

"Kwa hiyo sikuwa mashine."

"Ulikuwa mtoto mwenye njaa."

Akaniambia na mengine, kwamba sasa nakaribia kukoma hedhi na homoni ile inashuka tena, safari hii kwa umri, kwa hiyo msuli unakuwa mzito kujengeka na nisiuache ulale. Nile maharage, dagaa, yai nikilipata, na nibebe vitu vizito kwa mpangilio. Ninabeba. Asubuhi utaniona napanda na kushuka kizingiti nimeshika madumu ya maji, majirani wanasema mama Odilia amerukwa na akili. Lakini siku ile nilirudi nyumbani na mkono shingoni nikakaa shambani kwangu katikati ya mistari ya maharage, nikakaa tu.

Halafu mwaka huu Odilia akachaguliwa. Yuko kidato cha pili, anacheza mpira wa miguu, kiungo, ana mapaja kama ya baba yake. Akaja mbio kutoka shule: wanaingia kambini, timu ya wasichana, na mwalimu wao Festo, ndiyo, Festo yule wa shingo ya ndama, amealika mshauri. Gwiji, alisema. Mzee aliyefundisha mabingwa.

"Anaitwa nani?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Sijui jina. Wanamwita Mwalimu wa Michezo."

Nikamwambia hutakwenda. Akalia, akaninunia, akasema mimi sitaki afike popote kwa sababu mimi sikufika. Maneno hayo yalinikaa. Kesho yake nikachukua bodaboda mpaka Nyakitonto kwa mzee mwenyewe.

Alikuwa chini ya upenu anapukuchua mahindi. Amekonda mikono, miguu ile bado. Alinitambua kwa mwendo wangu kabla ya sura. "Mwakeye," akasema, jua likiwa limeshapinduka. Nikaitikia. Binti yake mkubwa, wa rika langu, akapita na gunia la mihogo begani kama amebeba mtoto, akalishusha, akaja kunisalimia mkono wake ukiwa mgumu kama mpini. Kisha akatuletea chakula: maharage na mayai.

"Kula, dada," alisema. "Hapa kwa baba mayai hayakosekani. Tulipokuwa wadogo alikuwa anatusimamia, sisi wasichana hasa. Usipomaliza yai hutoki kwenda kucheza."

Aliondoka. Nikaweka kijiko chini.

"Mwalimu. Na hawa hawakuwa na homoni?"

Alipukuchua gunzi lote mpaka likaisha.

"Hao ni wanangu," alisema.

"Na sisi?"

"Chakula kilichokuwa kinaletwa kambini kilikuwa cha nusu ya watu. Kila mwaka. Bitaliho alijua, Sesilia alijua. Wavulana ukiwanyima wanavunja stoo, wanatoroka, timu inakufa. Nyie mlikuwa mnanyamaza."

"Ungesema hakitoshi."

"Mwalimu hawezi kuwaambia wanafunzi hakitoshi."

"Kwa hiyo ukasema homoni."

"Nilisema kitu ambacho mngekubali. Mkakubali." Alichukua gunzi jingine. "Halafu ukishafundisha jambo miaka mingi, linakuwa somo. Mimi mwenyewe nikaliamini, kwa watoto wa watu."

Sikupiga kelele. Nilimwambia jambo moja tu: kama anataka kusimama mbele ya timu ya mwanangu, aseme hayo aliyoniambia. Chakula kilikuwa hakitoshi, na alituongopea. Akasema atasema. Aliniangalia machoni akasema, "Nitawaambia mimi mwenyewe. Njoo usikie." Nikamruhusu Odilia.

Nilikwenda siku ya kwanza ya kambi, mchana, wasichana wakila chini ya veranda ya darasa. Maharage yalikuwepo, niliyaangalia kwanza kabla sijaangalia watu. Mwalimu Festo akapiga makofi wanyamaze. Mwalimu wa Michezo akasimama katikati, kaptula na mkunjo wake. Akanitazama. Kisha akaanza kuwaeleza kwamba mtoto wa kike akishiba sana nyama za mwili wake hazijui kwa kwenda, kwamba wapunguze, na wale wenye kuumwa kwao kwa kila mwezi wasiguse mpira siku hizo.

Wasichana walimtazama, halafu mmoja akasema, "Babu, hiyo umeitoa wapi?" Wote wakacheka. Mwingine akasema, "Babu, mimi niko nazo leo na jana nimefunga mawili." Wakacheka mpaka sahani zikalia. Mwalimu Festo naye anacheka, anajipiga paja, "Mwalimu wetu ana vituko." Na yeye, yule mzee, akacheka nao. Meno yote nje. Niliona alivyofurahi. Alikuwa amepita bure, amekuwa babu wa kuchekesha, na kesho wangemshangilia.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba maneno hayo mnayoyacheka sisi tuliyala jioni badala ya chakula. Nikawaeleza sufuria mbili. Nikawaeleza makofi niliyopigiwa, mwiko wa mama, na Kibondo. Nikawaeleza alichoniambia Nyakitonto chini ya upenu wake, neno kwa neno, yeye akiwa amesimama hapo. Odilia aliwahi kusikia kwamba niliumia kwenye michezo. Hili hakuwahi. Aliacha kutafuna.

Msichana mmoja akauliza, polepole, "Sasa mama, yale maharage alikuwa anakula nani?"

Nikamwonyesha Mwalimu Festo. Festo akatazama ardhi.

Mwalimu wa Michezo akafuta midomo kwa leso yake nyeupe, akasema jua ni kali, apewe kiti. Viti vilikuwepo, na wasichana walikuwa wamevikalia. Hakuna aliyenyanyuka.